Kumkumbuka Mpendwa Aliyefariki kwa Ugonjwa wa Muda Mrefu: Mwongozo Kamili kwa Familia za Kigoma

Mtu akiugua mwaka mzima au miwili kabla ya kufariki, ugonjwa humla hadi kwenye kumbukumbu za watu wake. Waulize watoto wanamkumbukaje mama yao, wengi wataanza na godoro lililoshushwa sebuleni, beseni, harufu ya dawa, na sauti iliyokwisha nguvu. Miaka yote aliyolima, akauza, akacheka, akagombana na majirani na kupatana nao, inafunikwa na ile miezi ya kuuguza.

Mama yangu nilimuuguza hapa Ujiji hadi alipofariki kwa saratani ya mlango wa kizazi. Tangu hapo nimekaa na familia kadhaa za jirani kuwasaidia kumrudisha mtu wao akiwa mzima, yule wa kabla ya kitanda. Ni kazi yenye hatua, na baadhi ya hatua hizo zina muda wake. Ukichelewa hupati tena. Ndiyo maana nimeanza na vinavyopotea haraka, na vinavyoweza kusubiri nimeviweka nyuma.

Kama mgonjwa wako bado yupo

Anza leo, kwa taratibu. Miaka ya 1990 akina mama wa Uganda walioishi na VVU, wakiwa katika chama chao cha NACWOLA, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: mtoto alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, mama alipenda nini, nani atamlea. Walifanya hivyo wakiwa hai, kwa mikono yao wenyewe. Familia zetu zinaweza kufanya vivyo hivyo.

Chagua muda ambao dawa ya maumivu imeshafanya kazi, mara nyingi asubuhi baada ya uji. Weka simu juu ya kitambaa karibu na mto, mbali na feni, na mrekodi kwa dakika tano tu. Muulize mambo mepesi: jina la bibi yake mzaa mama, walivyokuwa wakienda kisimani, alivyojifunza kupika ugali wa muhogo usiwe na madonge. Akichoka, acha. Habari za kifo usizianzishe wewe. Akizianzisha yeye, sikiliza na usimkatize kwa kumwambia atapona. Watu wengi huwa na maagizo yanayowasumbua kifuani, na wanakosa pa kuyatua kwa sababu kila anayeingia chumbani anawatia moyo.

Siku za matanga

Msijibebeshe mengi. Kuna jambo moja tu la kushika: daftari la rambirambi. Likishahesabiwa fedha, kwa kawaida hutupwa au huchukuliwa na mjomba aliyekuwa mweka hazina, na huo ndio mwisho wake. Liombeni mapema. Ndani yake kuna majina ya watu waliokuja wenyewe, pamoja na wale wa Mwandiga, Kasulu au Uvira ambao hamkujua kama walimfahamu marehemu. Hiyo ndiyo orodha ya watu mtakaowafuata baadaye kutafuta habari zake.

Hatua ya kwanza: sauti na simu

Sauti ndiyo ya kwanza kusahaulika, na ndiyo ya kwanza kufutika. Laini isiyotumika kwa muda huzimwa na kampuni ya simu, kisha namba hupewa mtu mwingine. Siku moja mtoto atapiga namba ya baba yake ili tu kuona inavyoita, apokelewe na mgeni. WhatsApp hufuta akaunti ambayo haijatumika kwa takriban siku 120. Google inaweza kufuta akaunti ambayo haijafunguliwa kwa miaka 2, na picha zilizohifadhiwa humo zikaenda nayo.

Kwa hiyo, ndani ya mwezi wa kwanza fanyeni haya. Simu ya marehemu ichajiwe, na isifutwe kitu wala kupewa mtoto wa kuchezea. Kijana anayejua kompyuta anakili picha, video na ujumbe wa sauti kwenye kompyuta au memori kadi mbili, moja ikae nyumba nyingine. Kisha ombeni ndugu na marafiki watume sauti za marehemu zilizoko kwenye simu zao, kwa sababu sauti alizotuma yeye ziko kwao pia. Zile za kawaida kabisa ndizo zenye thamani: anaulizia bei ya migebuka, anamwita mjukuu aje kula, anamlalamikia shangazi kwamba hapokei simu. Kila faili lipewe jina linaloeleweka, lenye mwaka na jambo linalozungumzwa, maana baada ya miaka kumi hakuna atakayekumbuka sauti ile ilihusu nini.

Fedha zilizobaki kwenye laini ni sehemu ya mirathi. Hata kama namba ya siri mnaijua, msizitoe kimyakimya. Zisubiri msimamizi wa mirathi azifuate kwa utaratibu ofisi za kampuni ya simu. Nimeona ndugu wakiacha kusalimiana kwa ajili ya fedha kama hizo.

Hatua ya pili: karatasi

Aliyeugua muda mrefu huacha rundo la karatasi: kadi za kliniki, majibu ya vipimo, barua za rufaa, tiketi. Msichome chochote kabla mtu mmoja mtulivu hajakaa nazo. Jina kamili la ugonjwa na mwaka ulipogundulika vimo humo, na mtavihitaji mwishoni mwa mwongozo huu. Maandishi yakiwa ya vifupisho, mwombeni daktari au muuguzi awasomee na mwandike kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Pamoja na hilo, andikisheni kifo. Sheria inataka kiandikishwe ndani ya siku 30. Aliyefia hospitali hupewa karatasi ya taarifa ya kifo na hospitali yenyewe. Aliyefia nyumbani, na wagonjwa wetu wa muda mrefu wengi hufia nyumbani, taarifa hupelekwa kwa mtendaji wa kijiji au wa kata. Karatasi hiyo hupelekwa kwa Msajili wa Wilaya, ofisi ambayo huwa kwa Mkuu wa Wilaya, ili RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, itoe cheti. Wengi huona cheti ni cha mirathi tu. Lakini kwa mkulima au muuza dagaa aliyeishi bila karatasi nyingi, huenda hicho kikawa hati pekee ya Serikali inayosema kwamba aliishi na jina lake lilikuwa hili.

Karatasi zote ziwekwe kwenye mfuko wa nailoni, kisha kwenye sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni. Mchwa wa Kigoma mnawajua.

Hatua ya tatu: picha

Picha inayopatikana haraka ni ya hospitali, kwa kuwa ndiyo iliyo juu kwenye simu, na ndiyo inayoishia kwenye fulana za msiba na fremu ya sebuleni. Nasema bila kusita: msiitumie hiyo. Ihifadhini, ni kweli yake pia, lakini isiwe ndiyo sura itakayowaangalia watoto kila siku wakila.

Tafuteni za nyuma. Mtu asiyekuwa na albamu yake mara nyingi yumo kwenye albamu za watu: amesimama nyuma kwenye harusi ya jirani, amebeba keki ya ubarikio wa mpwa, amekaa mstari wa pili kwenye picha ya kwaya au ya madrasa. Angalieni kitambulisho cha Taifa, kadi ya mpiga kura, kadi ya chama, kadi ya kikundi cha kuweka na kukopa. Picha ya karatasi ilazwe bapa karibu na dirisha, bila taa ya simu, nanyi mpige kwa kutoka juu moja kwa moja. Iliyong'ang'ania kioo cha fremu msiibandue. Ipigeni ikiwa humohumo. Nyuma ya kila nakala andikeni kwa penseli nani ni nani, wakati bado yupo anayewatambua.

Hatua ya nne: daftari la maisha yake

Hapa ndipo palipo na kazi yenyewe. Nunueni daftari kubwa la jalada gumu, la kurasa mia mbili au zaidi. Gawanyeni kwanza: kurasa za ugonjwa ziwe mwisho kabisa, ziwe chache, na zisivuke mpaka wake. Sehemu nyingine yote ni ya maisha. Mgawanyo huu unasaidia kuliko unavyoonekana, kwa sababu msimuliaji akiachiwa mwenyewe atakimbilia siku za mwisho. Na akizikimbilia msimzuie, andikeni nyuma, kisha mrudisheni mbele.

Watafuteni kwa mpangilio wa umri, mkianza na wazee. Bibi aliyemwona akiwa mtoto hana miaka mingi ya kuwasubiri. Kama bibi anasema Kiha, mrekodini kwa Kiha chake, msimlazimishe Kiswahili ili mpate urahisi wa kuandika. Kichekesho na hasira zake vimo kwenye lugha anayoiota.

Maswali ndiyo yanayoamua mtapata nini. Ukiuliza "alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa "alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mpenda dini," na jibu hilo linamfaa marehemu yeyote wa Tanzania. Uliza jambo lenye mahali na mikono ndani yake. Mara ya kwanza mlionana wapi? Alikukopesha nini? Mligombana kwa ajili gani, na nani alianza kusalimia? Mkisafiri pamoja alikuwa anafunga mizigo vipi? Nini ulikuwa hutakiwi kukigusa kwake?

Mama yangu aliuza mawese sokoni Mwanga. Nilimfuata mama mmoja aliyekaa naye meza moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuniuliza habari za mwenzangu?"

"Ndiyo mama. Alikuwa anauzaje?"

Akanyanyuka, akachukua chupa. Akaweka kipande cha nailoni mdomoni mwa chupa, akasukuma kizibo juu yake, akaipindua chupa kichwa chini mbele yangu na kuishika hivyo, kimya, kama mtu anayesubiri shahidi aseme ameona. "Hivi," akasema. "Kila chupa. Mteja asiseme imevuja kwenye treni." Akaniambia na la asubuhi za baridi za Juni, mawese yanapoanza kuganda: mama alikuwa anapanga chupa juani upande wa barabara kabla hata ya kufungua kanga aliyofungia fedha, ili mteja wa kwanza akute yanamiminika. Mambo hayo sisi watoto tuliyaona miaka yote, na hakuna kati yetu aliyewahi kuyasema. Leo yako ukurasa wa kumi na moja.

Andikeni kama mtu alivyosema, kwa maneno yake, na chini muweke jina la msimuliaji, mahali na tarehe. Wawili wakitofautiana, andikeni yote mawili. Na msiandike malaika. Kama alikuwa na hasira za karibu, au alimnyima mtu salamu miaka mitatu kwa ajili ya mpaka wa shamba, iandikeni pia, kwa heshima. Mjukuu atamtambua mtu, malaika hatamtambua. Mambo mawili tu mimi huyaacha nje: siri ambayo marehemu aliomba isitoke, na neno linaloweza kumvunjia mtu aliye hai ndoa au heshima yake.

Watoto wadogo wapeni ukurasa wao. Wasioandika wachore. Muwaambie pia ukweli kuhusu kifo kwa maneno ya wazi: mama alikuwa na saratani, dawa hazikuweza kuimaliza, amefariki, hatarudi, na siyo kwa sababu ulikuwa mtundu. Mtoto anayeambiwa kwamba mama amesafiri atakaa akisubiri honi ya treni.

Hatua ya tano: vitu vyake

Kwanza dawa. Mofini ya maji na dawa nyingine kali zilizobaki zirudishwe hospitali au kituo kilichozitoa. Zisikae kabatini, na asipewe mgonjwa mwingine kwa huruma.

Vyenye thamani, kama nyumba, shamba la michikichi, mtumbwi, cherehani au fedha, havigawanywi kwenye msiba. Vinasubiri kikao cha ukoo, msimamizi na mahakama. Nguo na vyombo vidogo ndivyo vinavyoweza kugawanywa mapema, kwa mila ya familia na dini yake. Mjane wa Kiislamu aliye kwenye eda ya miezi minne na siku kumi asiondolewe vitu vya mumewe mbele ya macho yake, subirini amalize.

Kigoma mwanamke huacha vitenge. Vipo alivyonunua kwa fedha zake, vipo vya sare za harusi, vipo vya Kongo alivyokuwa akivitunza chini ya sanduku bila kuvivaa. Kabla ya kuvigawa, vitandazeni vyote juu ya mkeka, akina mama waliomfahamu wakae, na kila kimoja kielezwe kilitoka wapi na alikivaa siku gani. Mtu mmoja aandike. Huu ndio mkutano mzuri kuliko yote niliyowahi kuikaa baada ya msiba. Watu hulia, kisha hucheka, kisha hufika mahali wanasahau kabisa kwamba mtu huyu aliwahi kuugua. Baada ya hapo gaweni. Wabakishieni watoto vitu vitatu au vinne alivyovishika kila siku, kwa mfano mwiko, miwani, tasbihi au kitabu cha nyimbo. Hakuna haja ya kugeuza chumba kuwa ghala.

Hatua ya sita: kaburi

Alama ya muda iwekwe siku ileile ya mazishi, yenye jina linalosomeka. Mvua zetu zinazoanza karibu na Oktoba na kwenda hadi Aprili au Mei zinashusha udongo na kufuta rangi, na makaburi ya jirani huongezeka haraka.

Wanaojengea wasikimbilie. Udongo uachwe utulie angalau masika moja, kisha mjenge kiangazi, Juni hadi Septemba, vinginevyo saruji itapasuka. Kwa Waislamu, wanazuoni wengi hawapendi kaburi kujengewa wala kupambwa. Mwulizeni imamu wenu, jiwe la alama linatosha. Kwenye maandishi wekeni na jina alilojulikana nalo mtaani. Nimeona jiwe lenye majina matatu ya cheti ambalo rafiki yake wa miaka thelathini alilipita bila kulitambua.

Hatua ya saba: siku za kumkumbuka

Kuna hitima na arobaini, kuna misa au ibada ya mwaka, kuna tarehe 2 Novemba ambapo Wakatoliki huwaombea marehemu wote. Msiongeze siku nyingine ili kuonwa na watu. Familia iliyotoka kuuguza imeshauza mbuzi, imeshakopa nauli za kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya Ocean Road, Dar es Salaam. Reli ya hapa hadi Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilomita 1,200. Kukopa tena ili pilau lionekane ni kuwaongezea watoto wa marehemu mzigo. Lipeni kwanza madeni yake. Dini zote mbili hazina ugomvi na hilo, na kwa Waislamu ni haki inayotangulia urithi.

Siku yenyewe, mkishamaliza dua au sala na chakula, chukueni nusu saa mfungue daftari. Someni kurasa mbili, mruhusu watu waongeze.

Mwenye eneo anaweza pia kupanda mchikichi kwa jina la marehemu. Miche ya aina ya Tenera, inayozalishwa na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga hapa mkoani, ikitunzwa huanza kuzaa baada ya takriban miaka mitatu, na huendelea kuzaa kwa zaidi ya miaka ishirini. Mafuta ya kwanza yagawiwe majirani waliokuwa wakileta uji wakati wa ugonjwa. Sisi watu wa Ujiji tunajua mti unavyobeba habari: miembe iliyopo kwenye kumbukumbu ya Livingstone, alipokutana na Stanley mwaka 1871, inaelezwa kwamba ilitokana na mwembe wa wakati ule.

Hatua ya nane: kurasa za ugonjwa

Sasa fungueni nyuma ya daftari. Andikeni jina la ugonjwa lilivyo. Tuna tabia ya kuandika "aliumwa tumbo" au "alichezewa na watu," kwa aibu au kwa kumlinda marehemu. Lakini kumkumbuka mtu na kuficha kilichomuua ni kuwaacha binti zake gizani.

Chini ya jina la ugonjwa wekeni mwaka ulipogundulika, umri wake, dalili za mwanzo na muda uliopita kabla ya kwenda hospitali. Kisha orodha ya nani katika familia anahitaji nini.

Kama ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, mjue kwamba husababishwa na kirusi cha HPV, na kwamba mabadiliko ya mwanzo yanaweza kuonekana na kutibiwa miaka mingi kabla hayajawa saratani. Wanawake kuanzia miaka 30 wapimwe, na wanaoishi na VVU waanze mapema zaidi, karibu na miaka 25. Kipimo cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi ni cha dakika chache. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 wapewe chanjo; Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na sasa ni dozi moja.

Kama ilikuwa ya matiti, binti na wadogo zake wa kike wana hatari kubwa kuliko wengine. Wamwambie daktari historia hiyo na umri aliougua, ili awapangie uchunguzi mapema. Kama ilikuwa ya ini, wote waliokuwa nyumba moja wapimwe homa ya ini B, na ambao hawana maambukizi wala kinga wachanjwe dozi zao zote, ambazo kwa kawaida ni tatu ndani ya miezi sita.

Mbele ya kila jina acheni nafasi ya tarehe na majibu. Sisi tulichagua kwenda pamoja, dada, shangazi na wake wa kaka zetu, siku moja, ili asiwepo wa kuogopa peke yake. Aliyeambiwa arudi kwa matibabu madogo alirudi, akatibiwa, na tarehe yake ipo. Mtunza daftari kwetu ni mdogo wetu wa mwisho; nakala ya kurasa hizi iko kwa shangazi Kasulu, na kila anayefikisha miaka 30 hupigiwa simu.